Pigo la Kwanza ni Hodi Tu: Mazoezi ya Mashambulizi ya Karate

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Gihundwe, baridi itokayo Ziwa Kivu huwa bado haijaondoka. Maji ya ziwa hilo yako kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima viko juu zaidi, kwa hiyo mgeni akikimbia kidogo tu huona pumzi zikimwishia. Gihundwe imo katika Wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, jirani kabisa na mji wa Kamembe. Hadi mabadiliko ya mwaka 2006 eneo hilo lilikuwa katika mkoa ulioitwa Cyangugu. Ng'ambo ya maji ni Bukavu, nchini Kongo. Ndiyo sababu Kiswahili si kigeni huko. Wafanyabiashara wa pande mbili za mpaka walikitumia miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Kwa mtu apendaye karate, mahali kama hapo hapakosi lolote la lazima. Kiwanja cha majani kilichookotwa mawe, mwenzi mmoja wa kufanya naye mazoezi, na saa moja kabla ya kazi au shule, vyatosha. Kinachopungua aghalabu si vifaa bali ni mpango. Vijana wengi hujifunza ngumi moja moja na teke moja moja, wakazifanya vizuri mbele ya mwalimu. Lakini siku wanaposimamishwa wapambane kwa uhuru, yote hupotea, kila mmoja akabaki kurusha mikono kama afukuzaye nyuki.

Mapambano hayo kwa Kijapani huitwa kumite. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mtu aliyeieneza karate nchini Japani hakuyapenda. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka kisiwa cha Okinawa, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuuonyesha mchezo huo, akabaki huko akifundisha. Yeye alishikilia kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia, na mazoezi yake makubwa yalikuwa yale ya mtu mmoja kufuata mpangilio maalumu wa hatua na mapigo. Alifariki mwaka 1957, na mwaka huo huo Chama cha Karate cha Japani kikafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa. Mwaka 1970 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia, mjini Tokyo. Katika Afrika Mashariki miaka hiyo ya 1970 ndiyo iliyoamsha mapenzi makubwa: Dar es Salaam, Mmarekani Mweusi aitwaye Nantambu Camara Bomani alifundisha mtindo wa Goju-ryu katika shule ya Zanaki, na filamu za Bruce Lee ziliwajaza vijana majumba ya sinema. Filamu hizo zilifurahisha, lakini pia zilipotosha. Ndani yake shujaa hupiga mapigo kumi mfululizo na adui husimama kuyapokea yote kama mzigo unaopakiwa garini.

Katika kiwanja cha kweli hakuna adui wa namna hiyo.

HODI MLANGO WA MBELE

Chukulia ndugu wawili wa Gihundwe. Mkubwa ni askari aliyerudi nyumbani kwa likizo. Mdogo ana miaka 16 na yuko shuleni. Wote wawili wamesoma karate, mkubwa miaka mingi, mdogo miwili. Wanasimama wakitazamana, mguu wa kushoto mbele, mikono juu. Umbali ulio baina yao ni ule ambao hakuna awezaye kumfikia mwenzake bila kupiga hatua. Hapo ndipo penye siri yote. Hatua ina muda wake, na jicho lililozoea huiona. Mdogo akirusha ngumi yake kubwa ya mkono wa nyuma kutoka mbali, kaka yake huiona tangu begani, akarudi nyuma nusu hatua, na ngumi ikaishia hewani. Aijaribu mara ishirini, matokeo ni yale yale.

Pigo la kwanza, basi, mara nyingi halifungi bao. Kazi yake ni nyingine. Ni kama kupiga hodi mlango wa mbele: mwenye nyumba akienda kuitika, ua wa nyuma hubaki wazi. Askari aliyefunzwa mbinu za kikosi ataelewa upesi, maana ndivyo sehemu moja ifyatuavyo risasi ili adui ainamishe kichwa, huku sehemu ya pili ikisonga mbele. Pigo la kwanza humfanya mpinzani afanye jambo moja kati ya matatu: ainue au ashushe mikono yake, ahamishe uzito wake, au arudi nyuma. Pigo la pili huenda pale palipofunguka. La tatu, likiwapo, ni la kumaliza au la kuondokea. Mfululizo wa mapigo saba ni wa maonyesho. Mpinzani mzuri humpiga mtu huyo kwenye pigo la pili.

Mfululizo wa kwanza unaofaa kujifunzwa ni wa ngumi mbili. Ngumi ya mkono wa mbele, iitwayo kizamizuki, huenda usoni. Ngumi ya mkono wa nyuma, gyakuzuki, hufuata tumboni. Maneno haya ni mepesi, lakini kazi yake yaweza kumchukua mtu mwaka mzima. Kwanza, ngumi ya uso ni lazima iwe ya kweli. Ikiwa fupi, au ikirushwa kwa uvivu kwa sababu mwenyewe anajua ni ya kudanganyia, mpinzani haiinulii mkono, na tumbo halifunguki. Iende hadi karibu na pua, kwa shabaha, mpinzani ajue kwamba asipoikinga itamfikia. Pili, ngumi hiyo ndiyo inayonunua umbali. Mguu wa nyuma husukuma ardhi, mguu wa mbele huteleza, na mwili wote husogea pamoja na ngumi, kiasi kwamba ngumi ya tumbo inapoanza, hatua imekwisha kupigwa. Wengi hukosea hapa. Hupiga ngumi ya kwanza wakiwa wamesimama, kisha hupiga hatua, kisha hupiga ya pili. Mpinzani hupata nafasi ya kuondoka mara mbili.

Tatu ni nyonga. Katika ngumi ya mkono wa mbele nyonga hufunguka kidogo upande. Katika ngumi ya mkono wa nyuma hujifunga na kutazama mbele. Mgeuko huo wa nyonga ndio unaotoa nguvu, si misuli ya mkono. Mkono wa kwanza hurudi mbavuni kwa kasi ile ile uliyoendea, na kurudi kwake ndiko kunakousukuma ule wa pili. Kisigino cha nyuma kikiinuka sana, nguvu hupotea ardhini. Kikigandishwa kabisa, nyonga hukwama. Mwalimu mwema hutazama miguu zaidi ya mikono.

Kuna na jambo la mwendo wa sauti. Mwanafunzi akipiga mara zote “ta-ta”, kwa nafasi zilizo sawa, mpinzani huuzoea mwendo huo kama wimbo na hukinga bila kufikiri. Afadhali abadili: mara moja mapigo yafuatane bila pengo, mara nyingine la kwanza litoke, kisha ingojwe kidogo mno, muda wa kupepesa jicho, mpaka mkono wa mpinzani umekwisha kupanda juu na uzito wake umesimama. Ndipo la pili litoke. Wapigaji ngoma wa Rwanda hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili.

MIGUU

Mfululizo wa pili huanza na teke. Teke la mbele, maegeri, huelekezwa tumboni. Mpinzani hushusha mikono au huvuta tumbo nyuma, na kwa kufanya hivyo kichwa hubaki mbele bila mlinzi. Ngumi ya uso hufuata. Siri yake ni pale mguu unapotua. Mguu uliopiga teke usirudishwe nyuma ulikotoka. Utue mbele, na ngumi ifike wakati ule ule wayo unapogusa ardhi. Ikichelewa, mpinzani amekwisha kuinua uso wake na kurudi. Aliye mwepesi wa nyonga aweza badala ya ngumi kuinua mguu wa pili kwa teke la mzunguko, mawashigeri, hadi kichwani.

Kwa sheria za Shirikisho la Karate la Dunia, ngumi hupewa pointi 1, teke la kiwiliwili 2, na teke la kichwa 3. Pambano la watu wazima huchukua dakika 3 katika uwanja wa mita 8 kwa 8, na atanguliaye kwa pointi 8 hushinda papo hapo. Hesabu hiyo huwashawishi vijana kurusha miguu juu kila saa. Lakini mguu ulioinuliwa bila kutayarishiwa njia ni zawadi kwa mpinzani, kwani amebaki na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja.

Mfululizo wa tatu ni wa kufagia mguu, ashibarai, na hapo inafaa kusimama kidogo. Mpinzani anapokuja mbele, kabla uzito wake haujatua sawasawa kwenye mguu wa mbele, mguu huo hufagiliwa kwa wayo, naye huyumba au huanguka. Ngumi hufuata, na kumpiga aliyeanguka huleta pointi 3. Ni mfululizo mzuri, ila si wa sakafu ya saruji, wala si wa mtu ambaye hajafundishwa kuanguka. Asiyejua kuanguka hutanguliza kiganja chini, na kifundo cha mkono huvunjika. Kwanza mwezi wa kujifunza kuanguka juu ya majani laini, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani. Kufagia kuje baadaye. Na katika miezi ya mvua majani ya vilimani huteleza kama sabuni, kwa hiyo mfululizo huu uachwe hadi jua lirudi.

MWENZI ANAYEJIBU

Mtu aweza kufanya mfululizo wake peke yake mbele ya ukuta mara mia, na ni vizuri afanye hivyo, polepole kwanza, akisikiliza miguu. Lakini ukuta haurudi nyuma wala haujibu. Ndiyo sababu walimu wa mtindo wa Shotokan waliweka ngazi: kwanza mapambano ya hatua tano ambamo kila pigo hutajwa kabla halijapigwa, kisha ya hatua moja, kisha ya pigo moja lililotajwa lakini kila mmoja akitembea kwa uhuru, na mwisho ndipo mapambano huru. Wengi huziruka ngazi za katikati kwa sababu hazisisimui. Ni hasara, kwa kuwa ngazi hizo ndizo zinazozaa mashambulizi yenye maana.

Kwa ndugu wawili wa Gihundwe mpango ungekuwa huu. Juma la kwanza mdogo hushambulia kwa mfululizo mmoja tu, ule wa ngumi mbili, na kaka hurudi nyuma bila kukinga, ili mdogo ajue umbali. Juma la pili kaka hukinga. Juma la tatu kaka hukinga na kurudisha pigo moja. Hapo ndipo mdogo atakapogundua kwamba baada ya ngumi ya pili alikuwa na tabia ya kusimama na kuitazama kazi yake, mikono chini. Shambulio halikwishi mpigaji anapogusa. Hukwisha anapokuwa ametoka pembeni salama, mikono juu, macho kwa mpinzani. Mfululizo mmoja kwa majuma matatu huonekana kidogo kwa kijana mwenye haraka, lakini afikaye mashindanoni na mifululizo mitatu aijuayo kwa mwili wake humshinda mwenye ishirini ya daftarini.

Katika juma hilo la tatu jambo lingine hutokea mara kwa mara, nalo si la ufundi. Mdogo anapiga hodi vizuri, mkono wa kaka unapanda, na ngumi ya pili inagusa tumbo. Kaka amepatwa, tena na mtoto. Kabla hajafikiri, mkono wake wa nyuma umekwisha kwenda, na mdogo anashika mdomo.

“Kaka, umenigonga.”

“Pole, mdogo wangu. Niliona umeniingia, hasira ikautangulia mkono. Acha nitazame jino.”

Jino limesalimika, mdomo umepasuka. Lakini kuanzia siku hiyo mdogo atafumba macho kila kaka anapotikisa bega, na kijana afumbaye macho hawezi tena kujifunza shambulio lolote. Huo ndio uharibifu mkubwa kuliko mdomo. Mwenye nguvu zaidi ndiye mwenye wajibu wa kusimamisha mkono wake, hasa anapopatwa.

Waliobisha kwamba huo ni ulaini wakumbuke Agosti 7, 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo. Karate ilikuwa imeingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Paris mwaka 2024 haikuwamo. Katika fainali ya wanaume wenye uzito wa kuzidi kilo 75, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa mbele kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Irani. Akarusha teke la juu. Likatua vizuri mno. Ganjzadeh akaanguka, akapoteza fahamu, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakakaa, kisha wakamwondoa Hamedi kwa kupiga bila kujizuia, na medali ya dhahabu akapewa yule aliyekuwa ameanguka. Hamedi alipata ya fedha. Teke lile lile, lau lingesimamishwa kwenye ngozi, lingempa pointi 3.

Kusimamisha pigo hufanyiwa mazoezi kama pigo lenyewe. Njia iliyo rahisi ni kutundika kitambaa au jani la mgomba kwenye kamba na kulipiga kwa kasi yote kiasi cha kulitikisa tu bila kulirusha. Kwa watoto, ngumi isiguse uso hata kidogo. Watu wazima nao wavae kinga ya meno, glavu, kinga za magoko, na wanaume kinga ya kinena. Aliyepigwa kichwani na kuyumba asiendelee siku hiyo, hata akisema yu mzima. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akisahau yaliyotokea, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Na Gihundwe bahati njema hospitali iko pale pale.

MAMBO YA NYUMBANI

Mama wa nyumba ndiye ajuaye kwamba nguo nyeupe za karate huloa jasho na udongo mwekundu kwa pamoja. Ziloweshwe kwenye maji baridi kwanza, maana maji ya moto huifanya damu na udongo vishike. Kucha za mikono na miguu zikatwe kila juma. Mikwaruzo mingi ya mazoezini hutokana na kucha, si ngumi. Chakula kizito kiliwe kama saa mbili kabla ya mazoezi au kingojwe hadi baada. Maharage, viazi na sambaza wa Kivu vyamtosha mchezaji. Hana haja ya unga wa makopo.

Na binti asiachwe jikoni wakati kaka zake wako kiwanjani. Siku ile ile ya Agosti 7, 2021, Feryal Abdelaziz wa Misri alishinda fainali ya wanawake wenye uzito wa kuzidi kilo 61, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kupata dhahabu ya Olimpiki. Msichana mwepesi, ajuaye umbali, humsumbua sana mvulana ategemeaye mabega.

Polisi na askari wasomao haya wana neno lao la kuzingatia. Mifululizo hii ni ya uwanja wenye mwamuzi. Mpinzani hana panga, hana rafiki nyuma yake, na akianguka mchezo husimama. Kazi ya kumkamata mtu ni nyingine na ina mafunzo yake. Askari anayempiga raia ngumi mbili za mashindano hajafanya karate wala kazi. Faida aipatayo kazini kutoka katika kumite ni ndogo kuliko vijana wafikirivyo, lakini ni ya kweli: hujua umbali ulio salama baina yake na mtu mwenye ghadhabu, huona bega likianza, na akichokozwa mkono wake haumtangulii.

Likizo ya kaka ikibaki siku tatu, ndugu wale wawili wako tena kiwanjani kabla ya jua. Safari hii kaka amejiwekea sharti: yeye ni wa kukinga tu. Mdogo anazunguka, anasita, kisha anaingia. Ngumi ya kwanza inafika karibu na pua, mkono wa kaka unapanda. Pengo dogo mno, na ya pili inasimama juu ya nguo, tumboni, nguo ikitikisika. Mdogo ametoka pembeni, mikono juu, macho wazi. Kaka anashusha mikono, anainama kama ada ya mchezo inavyotaka, kisha anamwambia arudie, mguu wa kulia ukiwa mbele.